Kipande cha Dada

9 Januari

Dada Mkuu,

Kwanza salamu, na usiniambie nimechelewa, maana aliyenyamaza tangu mwaka jana ni wewe. Sisi huku hatujambo. Goti la wifi yako limepona, sasa anapanda ngazi mpaka ghorofa ya nne na kuniacha nyuma nikihema. Anaulizia lile gauni la bluu ulilomwahidi. Nimemwambia fundi cherehani ni mtu wa kesho, tangu nizaliwe sijamsikia hata mmoja akisema leo. Msalimie shemeji. Sindano mbebe kwa niaba yangu, kama bado binti yako anakubali kubebwa.

Sasa habari ya kazi. Ile mashine tuliyoisubiri imefika maabara. Ina ukubwa wa makabati mawili ya nguo na chumba chake lazima kiwe baridi mwaka mzima, kwa hiyo nashinda nimevaa sweta. Kazi yenyewe inaitwa metabolomiki. Usikunje uso, jina tu ndilo gumu. Fikiria umeingia jikoni kwa mtu baada ya watu kula na kuondoka. Hukuwaona wakila, lakini ukitazama makombo, maganda na maji ya kuoshea vyombo utajua walikula nini, nani hakumaliza chake, na kama jiko lenyewe lina kasoro. Mwili nao ni hivyo. Katika tone la damu au la mkojo mna vitu vidogo kwa maelfu vilivyobaki baada ya mwili kufanya kazi yake, nasi tunavisoma kimoja kimoja. Tunawalinganisha wenye ugonjwa wangu, huu wa siliaki, na wasio nao, tuone makombo yao yanatofautiana wapi. Wewe ugonjwa wenyewe nilishakueleza: gluteni, ile protini inayofanya unga wa ngano uvutike, inaufanya mwili wangu uushambulie utumbo wake wenyewe, na utumbo ukishachubuka chakula kinapita tu bila kuacha kitu.

Ndugu wa damu nao wanatakiwa, kwa sababu ugonjwa huu hutembea katika familia na wengine wanao bila kujua. Nimekuandikisha bila kukuuliza, nisamehe. Humu mna karatasi nene tatu. Asubuhi tatu mfululizo uchovye pembe ya karatasi kwenye mkojo wako, uiache ikauke kivulini, uirudishe kwenye bahasha yake. Hazina majina, zina namba. Kuna pia fomu ya kuandika ulichokula kila siku, kama unavuta sigara, kama unatumia dawa. Usicheke, mimi nimeshachovya zangu.

Mkuu wa maabara aliniuliza kama dada atakubali. Nikamsimulia ile habari yako ya mkate, ambayo namsimulia kila mwenye masikio: mama ametutoka, baba ni mlinzi wa kiwanda cha mikate na analetewa ile iliyokatika isiyouzika, mimi nina miaka sita na wewe kumi na minne, na kila asubuhi kwa miaka minane unanisogezea vipande vyako viwili ukisema umeshiba. Kwamba mkate ndio uliokuwa ukiniumiza, hilo hakuna aliyelijua. Ninachokumbuka mimi ni mkono ulioutoa. Mkuu ni mtu mkavu, lakini alivua miwani. Mtu wa namna hiyo, alisema, hatakataa kuchovya karatasi.

Ndugu yako,
Kibuyu


2 Machi

Mdogo wangu,

Salamu zimefika, nazo hizi zipokee. Shemeji yako amehamishiwa stoo ya vipuri, hana tena zile zamu mbovu. Sasa anashinda jioni nzima akinishauri namna ya kushona, yeye ambaye kifungo kinamshinda. Shule zimefunguliwa na nyumba nzima ni sare, ukikaa kwenye kiti unaketi juu ya kola. Ndiyo sababu karatasi zako zimechelewa, zilikuwa chini ya robota la kitambaa. Hizo hapo, zote tatu, zimekauka vizuri, na fomu nimejaza.

Sindano hajambo. Ni wa kwanza kwenye hesabu na wa mwisho kwenye mstari wa shule, maana wanapangwa kwa urefu. Ana miaka tisa, na wa miaka saba wanampita. Namwambia amerithi kwa mjomba wake, naye alikuwa hivyo hivyo, kibuyu chenye miguu. Faida yake ni kwamba nguo inadumu. Gauni la shule huwa namwachia pindo la vidole vinne ili nilishushe kadiri anavyorefuka, na huu ni mwaka wa pili sijafumua hata uzi mmoja.

Jambo moja, nawe usilichukulie vibaya. Acha kuisimulia ile habari ya mkate. Siku ya harusi yako ulisimama nayo mbele ya watu mia mbili, nikakosa pa kuuweka uso. Watu watadhani ni mimi ninayekutuma unisifu. Yaliyopita yamepita. Simulia mashine zako.

Gauni la wifi liko mezani. Kesho.

Dada yako


20 Aprili

Dada Mkuu,

Hatujambo kabisa. Gauni limefika na limemkaa wifi yako utadhani ulimpima jana. Amelivaa siku tatu mfululizo, ya nne nikamwomba apumzike. Naomba radhi kwa maneno yangu kuhusu mafundi.

Sasa nijibu kama mtu aliyekamatwa. Umeanza lini kuvuta sigara? Na kisukari kimekupata lini bila mimi kuambiwa? Mkuu aliniita ofisini kwake akanionyesha namba moja ya kundi la ndugu. Hajui ni ya nani, lakini kundi zima lina bahasha moja tu yenye stempu za nyumbani. Fomu inasema mhusika havuti na hatumii dawa. Karatasi inasema anavuta kila siku na anameza vidonge vya kisukari. Nilikwambia mashine inasoma makombo, ukadhani natania. Nilicheka mpaka mkuu akanisogezea maji. Halafu nikaacha kucheka, maana mtu haazimi mkojo wa mwenzake bila sababu.

Sikulaumu. Namba hiyo tumeiondoa, hakuna kilichoharibika. Utafiti ni hiari, ungesema hapana ningeelewa.

Kinachonisumbua ni mstari mmoja wa barua yako, ule wa pindo. Nimeusoma mara nne. Mimi nilivaa kaptula moja tangu darasa la pili hadi la nne, na baba akawa anakusifu kwa kushona nguo isiyopitwa na mtoto. Kwa hiyo nakuuliza, nawe nijibu moja moja. Tumbo la Sindano limevimba? Choo chake kikoje? Anakataa mkate? Akikataa, unamfanya nini?

Nasubiri.

Kibuyu


11 Mei

Mdogo wangu,

Salamu. Wote wazima.

Wote wazima, nasema, na nimerudia makusudi. Mtoto wangu ni mfupi kwa sababu ukoo wetu ni wa wafupi. Tumbo ni la minyoo na dawa amepewa. Mkate anakula, namsimamia mwenyewe mpaka sahani iwe safi, maana silei mtoto wa kuchagua chakula. Huko uliko kila mtu ana ugonjwa wenye jina refu. Sisi huku tuna kazi.

Karatasi ni za jirani yangu, Mama Saluni. Nilimwambia ni kipimo cha afya cha bure, akafurahi. Sigara anamficha mumewe huu mwaka wa sita, kwa hiyo mashine yako na ifunge mdomo. Njia ya mwongo ni fupi, nimekwisha kuiona. Na ile methali nyingine, ya mficha maradhi na kilio, naijua, usipoteze wino.

Dada yako


30 Mei

Mdogo wangu,

Barua yangu ya mwisho sidhani hata imekufikia. Ikifika, isome kisha uichane. Msalimie wifi. Shemeji yako mzima, ndiye aliyenivutia kiti akaniwekea na kalamu, ingawa hajui ninachoandika.

Jumamosi asubuhi nilikuwa mezani na Sindano. Alikuwa amebakiza kipande kimoja, nikamwambia hanyanyuki hapo. Akakaa. Hakulia. Aliniangalia tu, kisha akaniuliza, "Mama, mbona wewe huli?"

Nikamwambia nimeshiba.

Neno lilinitoka kwa sauti ile ile ya miaka thelathini iliyopita. Nilinyanyuka nikaenda kwenye cherehani, na nilipokuja kutazama nilikuwa nimeshonea mkono wa kushoto mahali pa mkono wa kulia.

Nisikilize, ndugu yangu. Sikuwa nimeshiba. Katika nyumba ile sikuwahi kushiba. Nilikuwa siwezi kula mkate. Nikila, tumbo lilinijaa na kuniuma mpaka nikakunjana, na mambo ya chooni sitayaandika hapa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na minne bila mama, na aibu za tumbo ningemwambia nani? Baba? Mikate ile iliyokatika ndiyo ilikuwa fahari yake, aliiweka mezani kana kwamba ameioka mwenyewe. Nikagundua kwamba nikinywa uji wa mahindi mtupu napata nafuu. Basi vipande vyangu vikahitaji kinywa, na kinywa kilichokuwepo ni chako.

Nilikupa kilichokuwa kinaniumiza. Ndiyo hivyo, nimeshaandika. Baba akanisifu kwa kujinyima, na sifa ile nikaionea utamu. Wewe ukaja kunivika kilemba miaka yote hii, nami nikakivaa nikijua ni cha ukoka. Siku ya harusi uliposema dada yangu alikaa na njaa ili mimi nile, keki ilikuwa mbele yangu na sikuigusa, kwa sababu ile ile.

Kuna lililo kubwa zaidi. Ulipoanza kukataa, nilikushurutisha. Ulipotapika nilikupiga kofi nikakuita mwenye deko. Kaptula ulizojichafulia shuleni nilizifua nikazianika mbele ya nyumba, upande wa barabara, makusudi, wenzako wapite wazione ili ukome. Hilo jina la Kibuyu ni mimi niliyekubandika. Hujawahi kunitajia kaptula hizo hata mara moja, na huko kutotaja kwako ndiko kunakonisuta. Siwezi kusema nilijua kwamba ni ugonjwa. Lakini nilijua inaumaje. Hilo nililijua kuliko mtu yeyote, na bado nilikutazama ukikunjana nikasema unajifanya.

Maswali yako. Ndiyo, tumbo limevimba. Choo chake ni kibaya tangu ana miaka mitatu. Mkate anakataa, na nilikuwa namfanya kama nilivyokufanya wewe. Tangu Jumamosi nimeuondoa mkate nyumbani, hakuna hata makombo.

Sikuchovya karatasi zako kwa sababu niliogopa zitakuambia kabla yangu. Naona aibu mpaka kwenye vidole ninavyoandikia.

Sijui nitie sahihi ya nani.


25 Julai

Dada,

Sisi wazima. Wifi yako anakusalimu. Ameniuliza mara nyingi kwa nini sikuandikii, sasa amechoka kuuliza.

Barua yako ilinifikia tarehe kumi na moja Juni, na kesho yake nikakutumia ujumbe wa simu: "Mrudishie Sindano mkate. Mpeleke kliniki, apimwe damu ya siliaki. Asiache kula kabla hajapimwa." Hayo aliyaandika mtu wa maabara. Si ndugu yako. Shemeji ameniambia umetekeleza, na najua nilikuomba jambo baya kwa mama yeyote. Lakini mtoto asipokula ngano, damu inanyamaza, na daktari atamrudisha nyumbani akisema mzima.

Kimya cha wiki sita ni changu na nilikitaka. Nilikuwa na hasira. Bado ninayo, sitakudanganya. Kaptula nazikumbuka, na kamba naikumbuka. Nilikuwa nikitoka shule napita uchochoro wa nyuma ili nisizione. Nilikuwa nimekwisha kuzisamehe, na nilizisamehe kwa sababu ya mkate. Nilijiambia aliyezianika ni huyu huyu anayekaa na njaa kwa ajili yangu, basi yameishia hapo. Sasa umeuondoa mkate, kaptula zimebaki peke yake.

Nami nina langu la kusema. Nilijua kwamba mkate unaniumiza. Sikuwa na jina lake, lakini tumbo la mtoto lina akili. Ningeweza kumwambia baba. Sikumwambia kwa sababu nilikuona umekaa mbele yangu bila kitu, nikaona haya kukikataa kitu ulichojinyima. Kofi lako halikunifanya nile hata siku moja, Dada. Nilikula kwa heshima. Wewe ulikuwa unakitupa kisichokufaa, na mimi nilikuwa nabeba sadaka. Sijui nicheke ama nilie, na siku nyingine hapa kazini nafanya yote mawili ndani ya sweta langu.

Juzi mkuu aliniuliza habari za dada wa mkate. Nikasema hajambo, nikageukia mashine.

Kuhusu wewe mwenyewe. Baada ya miaka yote hii bila ngano, damu yako haitaonyesha kitu labda urudie kuila kwa wiki kadhaa chini ya macho ya daktari. Si lazima. Wengi huamua kuishi bila ngano na hawapimwi kamwe. Nimetia karatasi tatu mpya na fomu. Ukizitupa sitauliza.

Lile jina usiniite tena.

Mdogo wako


20 Septemba

Mdogo wangu,

Wifi apokee salamu na kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye gauni lake, kitamfaa kwa mtandio. Shemeji yako sasa ndiye anayepika wali wetu, na anaosha sufuria kama mtu anayefuta ushahidi, maana daktari alimwambia hata vumbi la ngano lina neno. Mama Saluni ameacha sigara, au amejifunza kujificha vizuri zaidi.

Sindano damu yake ilisema ndiyo. Kisha wakampitisha mrija mwembamba wenye kamera, wakanyofoa chembe za utumbo wakaenda kuzitazama. Daktari aliniambia utumbo wake umekuwa kama zulia lililoisha manyoya. Ni siliaki. Siku ile ile mkate ukatoka nyumbani. Anakula viazi, mayai, wali wa baba yake, na juzi aliomba kuongezwa. Hajawahi kuomba kuongezwa tangu nimzae. Niliingia stoo ya vitambaa nikalia, kisha nikarudi nikamwongeza.

Pindo bado sijalishusha. Daktari anasema tusubiri miezi, urefu hauji kwa wiki mbili. Kila Jumapili namsimamisha mlangoni nampima kwa utepe, naye anajiinua kwa vidole vya miguu kuniibia.

Sasa nikueleze wiki zile. Ujumbe wako niliusoma nimesimama, nikakaa, nikausoma tena. Nikaenda kununua mkate. Asubuhi nilimkatia vipande viwili, nikamweleza yote: kwamba unamuumiza, kwamba daktari anahitaji kuuona ukimuumiza, kwamba baada ya hapo hataugusa tena maisha yake yote. Nilimwomba radhi kwa zile asubuhi za nyuma. Alinisikiliza kama wanavyosikiliza watoto wa hesabu, akiangalia kama jumla inakubali. Kisha akakishika kipande, akasema, "Na wewe, chako kiko wapi?"

Lile jibu langu la siku zote nilikwisha kulikiri kwako. Nikakata viwili vyangu, tukala wote.

Siku ya tatu nilikuwa nimekunjana chini ya meza ya kushonea, na aliyekuja kunisugua mgongo ni yeye. Wateja wawili walinikuta pale. Nikawaambia tumbo, nikataja na choo, kwa jina lake. Miaka thelathini nilikuwa nikificha neno hilo, nao walilisikia wakaendelea kuulizia sare zao. Tulikula hivyo wiki nane. Daktari alipojua kwamba nami nimeanza alinikemea kwa kuanza bila yeye, halafu akaniandikisha nami nipimwe. Damu yangu nayo imesema ndiyo. Nina miaka arobaini na minne, na ndio kwanza najua jina la kitu nilichokulisha.

Umeniambia kofi langu halikukufanya ule. Afadhali ungesema kofi. Kofi ningejua pa kulibeba.

Sikuombi unisamehe ndani ya barua hii. Kaptula na zikae kwenye kamba yake mpaka siku utakapotaka kuzianua mwenyewe, na usipotaka, mimi ndiye niliyezitundika. Mkuu wako akiuliza tena habari za dada wa mkate, usiseme hajambo. Msimulie hii. Nilikukataza kusimulia ile ya kwanza kwa sababu ilikuwa inanipendeza mno.

Karatasi tatu zimo humu, nilizichovya asubuhi tatu za mwisho kabla ya kutolewa damu. Hazina sigara. Fomu tuliijaza pamoja, Sindano akinisomea maswali kwa sauti ya mwalimu mkali na kuandika majibu yangu. Alipofika kwenye mstari wa chakula cha asubuhi aliniuliza aandike nini. Kalamu nikaichukua mwenyewe. Utaona mwandiko umebadilika hapo: mkate, vipande viwili, nimekula mwenyewe.

Dada yako